Mdai Hakuwa Gwandu

Makarani wenzangu mliobaki dirishani, funguo za kabati la majalada nilizikabidhi Ijumaa iliyopita, na tangu siku hiyo nimeshaamka mara tatu alfajiri nikitafuta viatu vya kazini. Siku ya kuagana mlinitaka niseme machache. Nilisema machache kweli, kwa sababu soda zilikuwa zinapata moto. Mengine nayaandika hapa. Sitaandika nilipandishwa cheo lini. Hayo yamo kwenye faili langu na hayana utamu wowote. Nataka kuandika habari za mstari mmoja wa wino nilioukosea nikiwa na miaka ishirini na tatu. Nina hasira nao mpaka leo, na sitaki mseme kwamba ni hasira za uzee, maana nilikuwa nazo nikiwa msichana.

Nilifika Mbulu miaka michache baada ya Uhuru, nikitokea kwetu Same. Nilishuka kwenye basi na sanduku la bati, nimevaa gauni la mikono mifupi, na ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba ofisi ya mahakama niliisikia kabla ya kuiona, kwa sababu watu walikuwa wanabishana mlangoni. Barua ya ajira yangu ilikuwa imetangulia. Jina langu la Nakundwa, kwa watu wa kule, halikuwaambia kama mwenyewe ni mwanamume au mwanamke, basi wakanipangia chumba kimoja na tarishi, kapera mmoja aliyeitwa Petro. Karani mkuu alikuwa Mzee Jumanne, mtu wa Kondoa, mwenye kofia ya kufuma na miwani iliyofungwa uzi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ni mke wa karani mpya?"

"Karani mpya ni mimi."

Akasoma barua upya, akanitazama viatu, akaisoma tena. "Basi Petro atahamia kwa shangazi yake," akasema, na hapo ndipo kazi yangu ilipoanza.

Mzee Jumanne alinifundisha kazi kwa mkono wake, na nitamshukuru mpaka naingia kaburini, hata kwa yale nitakayomlaumu. Tulitumia kalamu ya nibu. Unachovya, unagonga mdomo wa kidau mara moja tu, ukigonga mara mbili wino unakuwa mwepesi na mwakani hausomeki. Karatasi ya kaboni unaiweka upande wenye weusi chini. Mnacheka, lakini nimeona karani aliyeandika hukumu nzima mgongoni mwa karatasi yake mwenyewe. Na kulikuwa na sheria moja aliyoishika kama sala zake tano. Kumbukumbu ya mahakama haifutwi. Hukwangui kwa wembe wala humwagi wino juu. Ukikosea unapiga mstari mmoja mwembamba, neno la zamani liendelee kusomeka, unaandika jipya juu yake, na yule aliyetaka libadilishwe anaweka jina lake na sababu yake pembeni. "Anayetaka neno liondoke," alikuwa akisema, "ajitokeze tumjue."

Sheria ya pili alinipa wiki ya tatu, alipokuja mama mmoja kulalamikia kiwanja. Mzee alimrudisha. Akaniambia, "Mwanamke haingii kwenye rejista peke yake. Anaingia na mtu wake."

Niliuliza imeandikwa wapi. Akasema haijaandikwa, ni desturi ya ofisi. Zamani, mwanamke mmoja alifungua shauri mwenyewe, wanaume wa ukoo wakaja siku ya hukumu wakasema wao hawalijui shauri hilo, na kesi ikaanza upya. Tangu hapo ofisi ikaamua kujiepusha na usumbufu. Mwanamke aje na mwanamume wa ukoo anayesimama naye, na majina yote mawili yaandikwe. Lakini safu ya rejista ilikuwa nyembamba, majina mawili hayakai vizuri, kwa hiyo likawa linaandikwa la mwanamume tu. Ndivyo wanawake wa tarafa nzima walivyokuwa wanapotea kwenye vitabu vyetu, kwa sababu mtu mmoja aliogopa usumbufu na mchapaji mmoja alibana safu. Nami nikaandika hivyo kwa mwandiko mzuri. Niliwahi hata kusifiwa.

Siku zile serikali ilikuwa imekusanya mila za makabila na kuzitia kwenye maandishi, na kijitabu chenyewe kilikuwa mezani kwa hakimu. Nilikisoma wakati wa chakula. Mjane harithi ikiwa mumewe ameacha watu wa ukoo. Yeye atatunzwa na watoto wake. Binti anarithi, lakini mwisho kabisa, na shamba la ukoo atalitumia tu maadamu yu hai. Mara ya kwanza nilidhani kurasa zimepangwa vibaya, kwamba mahali fulani mbele kuna ukurasa unaosema mwanamke naye anapata nini. Nikageuza mpaka jalada la nyuma. Hizo mila ziliulizwa kwa nani? Wanaume waliwauliza wanaume, wakajibiwa na wanaume, na mwanaume akapiga chapa. Mtu akikuambia hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu mababu, muulize kama kuna aliyewauliza mabibi.

Na nisiwasingizie Wairaqw, wenyeji wa Mbulu. Shamba la baba yangu kule Upareni liligawanywa kwa kaka zangu watatu, mmoja wao hajui mpini wa jembe unashikwa wapi. Mimi nilipewa baraka.

Sasa nije kwa Yasinta.

Alitoka kijiji cha Daudi kwa miguu, akafika dirishani saa saba mchana, tope limempanda mpaka magotini. Alikuwa amenizidi kama miaka kumi, nikamwamkia.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, Karani. Nataka kufungua kesi. Ya shamba."

"Shamba la nani?"

"Langu."

"Namaanisha, lilikuwa la nani?"

"La Lohay, mume wangu. Lohay amekufa. Sasa ni langu."

"Una mtoto wa kiume?"

"Nina Paulina na Anna."

"Umekuja na nani?"

"Nimekuja na miguu."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba shemeji yake, Bura, alisubiri matanga yaishe, akamwambia nyumba akae, ila shamba ni la ukoo kwa kuwa hakuna mtoto wa kiume. Alitaka kuliunga na la kwake lililopakana nalo. Kwanza Bura alikuwa ametaka amrithi na yeye mwenyewe, shamba na mjane kwa pamoja, na Yasinta akakataa. Nikamwambia sharti aje na mtu wake, mwanamume yeyote wa ukoo.

"Bura ndiye wa ukoo. Bura ndiye namshtaki."

"Basi mwingine, dada. Ndiyo utaratibu."

"Andika mimi," akasema. "Mimi ndiye nalima. Samadi nabeba mimi. Andika mimi."

Kwa wageni wa milima ile, nieleze. Nyumba za Wairaqw zilikuwa pana na ng'ombe walilala ndani pamoja na watu. Kila asubuhi mwanamke anazoa samadi, anaijaza kwenye tenga, anaibeba kichwani mpaka shambani. Ardhi ya Daudi imelimwa miaka mingi na bado inazaa, na inazaa kwa sababu hiyo. Mvua ni ya Mungu, lakini rutuba ya pale ilipita juu ya shingo za wanawake.

Nilikuwa na kalamu mkononi, nibu imeshachovywa. Hakimu alikuwa ndani, Mzee Jumanne alikuwa msikitini. Hakuna aliyenikataza. Ningeandika Yasinta, na sheria ya nchi isingenigusa hata ukucha. Nikaifuta nibu kwa kitambaa, nikamwambia arudi na mtu. Akageuka akaenda Daudi, na mvua ilikuwa imeanza.

Baada ya wiki alirudi na Gwandu, binamu ya marehemu. Gwandu alivaa koti la kaki lililofungwa vifungo vyote, aliongea kwa sauti ya chini, na alikuwa mtu wa kanisani sana. "Nasimama na mama huyu kwa ajili ya Lohay," akasema. "Bura ametuaibisha." Nilimwona mtu wa maana. Nikaandika: Mdai, Gwandu. Mdaiwa, Bura. Yasinta nikamwandika shahidi wa kwanza. Safu ikatosha vizuri.

Siku ya kusikilizwa, baraza lilijaa. Hakimu alikuwa Bwana Ngonyani, mtu wa Songea, mpole, mwenye kikohozi. Kando yake walikaa wazee wa baraza watatu. Yasinta akaapa, akasema ushahidi wake, na mimi nikaandika kila neno. Alisema wakati Lohay anafyeka msitu ule alikuwa naye. Alisema mahali mawe yalipotolewa na nani aliyatoa. Hakimu akamwuliza Yasinta, Gwandu ni nani kwake. Akajibu kama alivyoambiwa na sisi kwamba ndivyo inavyotakiwa: "Gwandu ni mtu wangu. Nataka asimame yeye." Hilo nalo nikaliandika.

Mzee mmoja wa baraza akainua fimbo yake. "Wewe mama, ukiolewa kesho, shamba utalibeba kichwani?"

Watu wakaangua kicheko. Yasinta akangoja kiishe.

"Samadi nilibeba kichwani," akasema. "Siku zile hamkucheka."

Ngonyani aliamua twende shambani. Tulikwenda kwa miguu, hakimu na mwavuli wake, wazee, Petro na kiti, mimi na kidau cha wino nimekifunika kwa kiganja. Mashamba mawili yalipakana. La Bura lilikuwa na mahindi ya njano, membamba. La Yasinta lilikuwa kijani mpaka linaelekea weusi. Hakimu alichimba kidogo kwa ncha ya mwavuli kila upande, akainama, akashika udongo. Hukumu yake aliisoma wiki iliyofuata. Shamba Lohay alilifyeka mwenyewe porini, si la ukoo, Bura hana haki nalo, na limepewa mdai. Aliposema "mdai" nilimwona akimtazama Yasinta. Baraza zima lilimtazama Yasinta. Hakuna mtu ndani ya chumba kile ambaye hakujua ni nani aliyeshinda.

Kesho yake aliniletea kibuyu cha maziwa. Mnajua sheria kuhusu zawadi, na mimi niliijua. Niliyanywa yote.

Gwandu alikuwa na subira. Aliacha Yasinta avune. Msimu uliofuata, mvua za kwanza zilipolainisha ardhi, alikuja na jembe la kukokotwa na ng'ombe, wanawe wawili wakubwa, na nakala ya hukumu yenye muhuri wetu. Hakupiga mtu wala kutukana. Alimwambia Yasinta kwa ile sauti yake ya kanisani: "Mama, karatasi inasema shamba ni la mdai. Waulize mahakamani mdai ni nani." Yasinta hakujua kusoma. Paulina alikuwa darasa la tatu. Akamsomea mama yake mstari wa kwanza, kisha akaendelea kusoma chini mpaka kwenye muhuri akitafuta jina la mama.

Nilimwona Yasinta dirishani akiwa bado hana hasira. Alidhani ni kosa dogo.

"Karani, ile kesi nilishinda au nilishindwa?"

"Ulishinda, dada."

"Basi mbona analima Gwandu?"

Nilifungua kabati, nikatoa jalada, nikafungua ukurasa wa kwanza, na nikajua kabla sijasoma. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, lakini nguo ile nilimvisha mimi. Nilimwendea Mzee Jumanne mbio. Akasoma, akavua miwani. Nikamwendea hakimu, lakini Ngonyani alikuwa ameshahamishwa, na mpya alikuwa kijana mwenye haraka. Akasema muda wa rufaa umepita, na hata usingepita, shahidi hakati rufaa. Mahakama inasoma kilichoandikwa.

Basi nikafanya kile nilichopaswa kufanya mwanzoni. Nilifungua shauri jipya: Mdai, Yasinta. Mdaiwa, Gwandu. Mzee Jumanne aliniona nikiandika na hakunizuia. Siku ya kusikilizwa hakimu alitaka jalada la zamani, akasoma kwa sauti, kwa mwandiko wangu niliosifiwa: "Gwandu ni mtu wangu. Nataka asimame yeye." Akamwuliza Yasinta kama aliyasema maneno hayo.

"Niliyasema."

"Sasa unalalamika nini?"

Yasinta alinitazama. Alitafuta maneno kwa Kiswahili, akayakosa, akasema jambo kwa Kiiraqw, na mkalimani akasema, "Anasema aliambiwa alete mtu." Hakimu akauliza aliambiwa na nani. Mkalimani akauliza. Yasinta akanyamaza. Angeweza kuninyooshea kidole, nami nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwake. Hakuninyooshea. Na mimi, niliyekuwa na mdomo, ambaye serikali ilinilipa kwa sababu najua kusema na kuandika, nilinyamaza pia. Shauri likatupwa.

Jioni ile ndipo nilipogombana na Mzee Jumanne, mara ya kwanza na ya mwisho. Nilisema maneno ambayo binti hamwambii mzee.

"Nilikufundisha kama nilivyofundishwa," akasema.

"Ndicho kinachoniudhi!"

Akachukua kofia yake, akasimama mlangoni. "Ile ya kutofuta," akasema, "hiyo angalau ishike." Miezi michache baadaye alistaafu akarudi Kondoa. Yasinta naye alihama. Nilisikia amemfuata kaka yake Hanang, upande wa Masakta, yeye na mabinti wawili na kuku watatu. Gwandu aliendelea kulima. Alichaguliwa mzee wa kanisa.

Hanang ilipokuwa wilaya, nikahamishiwa Katesh. Pale nilijifunza vumbi, kama Mbulu nilivyojifunza tope. Kesi zilikuwa zile zile, majina yalibadilika. Tofauti ilikuwa moja: dirishani kwangu mwanamke aliandikwa. Akija peke yake aliandikwa peke yake. Hakimu alinung'unika mara mbili tatu, nikamwomba anionyeshe kifungu kinachokataza, naye akaacha.

Kisha ikaja Operesheni Vijiji, serikali ilipowahamishia watu kwenye vijiji vipya. Siisifu wala sitaitetea. Niliona watu wakishushwa kwenye lori na vitanda vyao juu ya nyasi, na wengine nyumba walizoacha hawakuzikuta tena. Lakini vijiji vilihitaji orodha, na wajuao kuandika walikuwa wachache, kwa hiyo makarani wa mahakama tuliazimwa. Nikapelekwa Masakta.

Meza iliwekwa nje ya shule. Walikuwepo mwenyekiti wa kijiji, Mzee Hhando, katibu kata aliyetoka Iramba, na bwana shamba mwenye kamba ya kupimia. Kazi ilikuwa rahisi: mkuu wa kaya anataja jina, idadi ya watu wake, anaandikwa, anapimiwa kipande chake. Orodha ile ya kwanza ndiyo ilikuwa ardhi ya kila mtu kwa siku zote zijazo. Aliyekosa mstari alikosa shamba. Waswahili walisema asiyekuwepo na lake halipo, na kwenye orodha ile nilielewa walimaanisha nini.

Kabla hatujaanza, Hhando akatoa maelekezo. Wajane na wanawake wasio na waume waandikwe chini ya kaka au mtoto wa kiume. "Ili wasipate taabu," akasema. Sijawahi kuona watu wanaowaonea huruma wanawake kama wale wanaokaribia kuwanyang'anya kitu.

Mstari ulikuwa mrefu. Mbele walisimama wanaume, na nyuma ya kila mwanamume wanawake wake: mke, mama, dada mjane. Karibu na saa sita akafika mezani mwanamume mmoja, mtu mwema, uso wazi, akataja jina lake na watu wake. Kisha akasema, "Na huyu dada yangu ni mjane, muandike kwangu."

Nikainua macho. Dada mwenyewe alikuwa amekonda, na nywele za mbele zilikuwa zimeshaota mvi. Tulitazamana, mimi nikiwa na ile ile kalamu, ingawa nibu ilikuwa nyingine. Akapita mbele ya kaka yake, akaweka kiganja mezani.

"Andika mimi," akasema.

Nikaandika. Yasinta, mkuu wa kaya, watu watatu. Niliandika taratibu, nikagonga kidau mara moja, kwa wino mzito.

Hhando akainama juu ya bega langu. "Karani, umekosea. Huyo ni wa kwa kaka yake. Futa."

"Haifutwi, mwenyekiti."

"Nimesema futa!"

"Kumbukumbu haifutwi. Lakini jina linaweza kukatwa. Unapiga mstari hapa, mmoja, mwembamba. Pembeni unaandika jina lako, na sababu: mwenyekiti amekataa mama huyu apewe ardhi. Mkuu wa wilaya akija kukagua atasoma." Nikamgeuzia daftari, nikampa kalamu.

Hhando hakuipokea. Akamtazama katibu kata. Katibu kata, ambaye asubuhi ile ile alikuwa amehutubia kwenye kiwanja kwamba binadamu wote ni sawa, na sauti ilikuwa bado inamkwaruza kwa hotuba hiyo, aliitazama kalamu kama mtu aliyepewa nyoka. "Mimi si mwenyekiti," akasema. Nikamgeukia bwana shamba. Bwana shamba akaanza kukunja kamba yake upya, ingawa ilikuwa imekunjwa vizuri.

"Basi endelea na wengine," akasema Hhando. "Tunachelewa."

Kaka yake Yasinta alicheka kidogo, akamgusa dada yake begani. Na hapo nikaona jambo nililolisubiri bila kujua. Kule nyuma mama mmoja mzee alitoka mgongoni mwa mwanawe, akasimama kando yake. Kisha mwingine. Mstari ule uliokuwa mwembamba ukaanza kuwa mpana, na Hhando akauliza kwa hasira nani amewaambia wavuruge foleni. Tulimaliza jua linazama. Mkono uliniuma siku tatu.

Kabla ya kuondoka Yasinta alinijia nikiwa nafunga kidau. Nilikuwa nimejiandaa miaka yote ile nitamwambia nini nikimwona. Nikasema, "Dada, lile la Daudi nililiharibu mimi."

"Najua," akasema. "La Daudi lilikuwa zuri zaidi." Akaenda zake kutazama alipopimiwa.

Sikusamehewa, na siwaambii haya ili mniambie pole. Shamba la Daudi halikurudi. Wajukuu wa Gwandu wanalilima mpaka leo, na nasikia siku hizi linahitaji mbolea ya dukani.

Yasinta alikilima kipande cha Masakta miaka zaidi ya ishirini. Alibeba samadi mpaka shingo ikakataa, kisha Paulina akabeba. Mume wa Paulina alikuwa ameondoka kitambo, naye Paulina akarudi kwa mama yake. Yasinta alifariki masika kabla ya haya ya mwisho. Kaka yake, yule mtu mwema, alikuwa ameshatangulia. Hazikupita wiki nyingi wana wa kaka wakaja na maneno ambayo ningeweza kuwaandikia hata wasingefungua mdomo: shamba lilikuwa la baba yetu, shangazi aliazimwa tu, binti hana ukoo hapa.

Mwezi uliopita nilikuwa nyuma ya kabati natafuta jalada. Nikasikia mwanamke anamwamkia mmoja wenu dirishani, anasema anataka kufungua shauri la shamba. Na nikasikia mmoja wenu, kijana mwenye cheti, aliyezaliwa wakati Mzee Jumanne ameshazikwa, akimwuliza:

"Umekuja na nani?"

Nilisimama nyuma ya kabati na majalada mikononi. Mimi sikukufundisha swali hilo. Katika vitabu vyako vya chuo halimo, na sheria zimeandikwa upya tangu enzi zangu. Ulilipata wapi? Naandika kurasa zote hizi kwa sababu ya swali hilo, na wewe uliyeliuliza unajijua. Sikukusema mbele ya watu, na sikutaji jina hapa.

"Nimekuja na karatasi," mwanamke akajibu, akaweka dirishani nakala ya orodha ya kijiji, imekunjwa mara nne, imepasuka kwenye mikunjo. Niliutambua mwandiko kabla ya kumtambua Paulina.

Nilikuondoa kwenye kiti, unakumbuka. Nilichukua rejista, na kwa kuwa kalamu za nibu zimekwisha, niliandika kwa kalamu yako ya bluu. Mdai, Paulina Lohay. Hakuna jina lingine kwenye safu ile, na nafasi ilibaki. Shauri litasikilizwa mwezi ujao, siku ambayo mimi nitakuwa nyumbani napalilia maharage, na ninyi mtakuwa humo ndani. Wana wa kaka wana watu wengi, na watawajia kwa sauti ya chini, na makoti yao yatakuwa yamefungwa vifungo vyote. Kama atapatikana kati yenu anayetaka jina lile liondoke, sheria ya Mzee Jumanne ipo: apige mstari mmoja, mwembamba, Paulina aendelee kusomeka, na pembeni aandike jina lake mwenyewe.